Umri Ulioingia Katika Soksi

Imamu Tirmidhi amepokea hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia tangu tukiwa madrasa: Siku ya Kiyama nyayo za mja hazitaondoka pale zilipo mpaka aulizwe mambo kadhaa, na mojawapo ni umri wake, aliumaliza katika nini. Mimi hufuma soksi. Nimezifuma kwa miaka mingi, nikiwa mke, mama wa watoto wanne, mkaza mwana katika nyumba yenye wazee, na mkulima wa karoti na kabichi. Kwa hiyo hadithi hii ikisomwa mimi huketi sawasawa nikasikiliza. Nyayo zangu nazo zitasimama pale, na katika hesabu ya umri wangu zitatokea saa nyingi za uzi na sindano. Nataka nijue tangu sasa kama saa hizo nitazijibia au nitaziombea msamaha.

Naishi Magamba, juu ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara. Watu wanaoijua Tanga ya pwani hudhani mkoa mzima ni jasho na minazi. Panda gari Mombo, zikate zile kona mpaka Soni, fika Lushoto, kisha endelea kupanda mpaka penye msitu, na utaona joto umeliacha bondeni. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hushuka hadi mlangoni, nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa na unyevu uleule, na maji ya bomba wakati wa Alfajiri huingia mpaka kwenye mfupa. Wajerumani waliujenga mji wa Lushoto, wakauita Wilhelmstal, kwa sababu waliipenda baridi hii. Wazee wetu hawakuulizwa kama wanaipenda.

Baba mkwe wangu huamka kabla ya adhana. Hukaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko, kopo mkononi, akatawadha kwa maji jinsi yalivyo. Ukimkuta na birika la moto tayari, atalipokea na kukuombea dua. Usipokuwa nalo hatasema neno, na hatamwamsha mtu kwa ajili yake. Kisha hutembea mpaka msikitini akiwa na makubazi. Akirudi, miguu yake imekufa ganzi, nyufa za kisigino zimefunguka, na ule wa kushoto, uliovunjika zamani akiwa kijana, umevimba kifundoni. Ni kwa ajili ya miguu hiyo nilishika soksi kwa moyo wote. Kabla ya hapo nilikuwa nikifuma tu vikofia vya watoto wachanga, kama alivyonifundisha shangazi yangu, naye alifundishwa na masista. Baridi ya Julai huwauma Walutheri, Wakatoliki na Waislamu sawasawa, na ufundi wa kuizuia huku kwetu umepita mikononi mwa wote.

Lazima nieleze kazi yenyewe, kwa sababu anayeulizia muda bila kuijua kazi hawezi kuhukumu.

Uzi wa sweta unaouzwa madukani, wenye rangi nzuri za kila aina, kwa kawaida si sufu. Ni uzi wa kiwandani jamii ya plastiki. Unapasha joto ukiwa mkavu, lakini mguu ukitoa jasho au ukigusa maji, soksi hiyo inageuka baridi. Sufu ya kondoo hupasha joto hata ikiwa na unyevu, na mguu uliotoka kutawadha una unyevu. Kwa hiyo mimi huenda kwenye mitumba nikatafuta sweta la sufu lililotoboka kiwiko, ambalo hakuna anayelitaka. Kwanza husoma kitambulisho cha ndani ya kola. Kisha hulipindua nitazame mishono. Kama vipande vyake viliungwa kwa uzi uliopitishwa kingoni tu, nitaufungua uzi huo, na kipande kizima kitafumuka mfululizo, uzi mmoja mrefu kutoka begani hadi kiunoni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kupigwa mashine ukingoni, nikikifumua nitapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu. Hulirudisha sweta hilo, hata likiwa la sufu safi kiasi gani.

Kulifumua ni kazi ya jioni, na mwanangu wa mwisho hupenda kuwa ndiye mshika donge. Uzi hutoka umejikunja kama nywele. Huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne, nikaufua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha nikautundika na jiwe chini yake mpaka ukauke na kunyooka.

Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Fundi baiskeli wa hapa kijijini hunikatia zilizochakaa, nami huzinoa ncha zote mbili kwenye jiwe na kuzipaka mafuta ya nazi zisishike kutu. Unene wa spoku, milimita 2 hivi, ni uleule unaotakiwa kwa soksi iliyoshikana. Nahitaji 5: nne za kubeba vitanzi na moja ya kufumia. Kwa mguu wa baba mkwe huanza na vitanzi 60, 15 kwa kila sindano. Sehemu ya juu hufumwa viwili mbele viwili nyuma, ili ivutike na isishuke. Kisha huja bomba refu la kifundo, mzunguko juu ya mzunguko, kazi ambayo mkono huifanya peke yake. Kisha huja kisigino.

Kisigino ndicho elimu yote ya soksi. Unachukua nusu ya vitanzi, 30, ukaiacha ile nusu nyingine ikingoja. Unafuma kipande kwenda na kurudi, kama ulimi. Kisha unaanza kurudi kabla ya kufika mwisho wa mstari, ukikutanisha vitanzi viwili viwili, na mbele ya macho yako ule ulimi uliokuwa bapa unajikunja kuwa bakuli la kukalia kisigino cha mtu. Baada ya hapo unaokota vitanzi pembeni mwa ulimi, unavichukua vile vilivyokuwa vikingoja, na unapunguza taratibu mpaka urudi 60. Katika mguu wa kushoto mimi huacha kupunguza mapema, kwa sababu ya ule uvimbe. Hakuna duka linalouza soksi ambayo mguu wake wa kushoto umeujua uvimbe wa mzee fulani wa Magamba.

Ufundi huu ni wa kale. Katika majumba ya makumbusho, likiwemo Textile Museum la Washington, zimehifadhiwa soksi na vipande vya soksi za pamba kutoka Misri ya enzi za Kiislamu, nyingi za rangi ya buluu na nyeupe, nyingine zikiwa na mapambo yanayofuata sura ya maandishi ya Kikufi. Ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za ufumaji wa sindano mbili na zaidi zinazojulikana duniani, na wataalamu wanazihesabu kuwa za karne ya 12 hadi ya 14 hivi. Aliyezifuma hatumjui jina. Tunajua tu kwamba palikuwa na mtu aliyehesabu vitanzi, na huenda siku ile naye alikuwa na swala tano na watu wa kulisha.

Sasa nirudi kwenye muda. Jambo ambalo watu wasiofuma hawalioni ni kwamba soksi hukubali kukatizwa. Kusoma kitabu kwahitaji utulivu. Cherehani yataka meza, mwanga na mtu asiyeitwa. Bomba la soksi halidai chochote. Mzunguko mmoja wa vitanzi 60 humalizika maziwa yakiwa yanachemka. Mtoto akilia unaweka, akinyamaza unaokota, na kitanzi kipo palepale ulipokiacha. Mimi hufuma maharage yakiwa jikoni, nikisubiri zamu zahanati, ndani ya haisi ya kushuka Lushoto, na shambani tukingoja lori la mboga ambalo dereva wake alisema saa nne na sasa ni saa saba. Hufuma zaidi kati ya Magharibi na Isha, watoto wakisoma Juzuu Amma mbele yangu. Macho yako kwenye uzi, masikio yako kwao. Anayekosea herufi hunisikia nikimrudisha kabla hajamaliza aya.

Kisigino pekee ndicho hakikubali. Hicho hungoja nyumba ilale. Hapo huwa nimekaa peke yangu na taa, na hapo ndipo swali hunijia. Mchana hakuna anayeweza kusema nimeiba muda, maana mchana nimefuma katika nafasi zilizokuwa zimekufa. Lakini saa hii ya baada ya Isha ni saa nzima, ina mwanzo na mwisho. Ningeweza kusoma Qur'ani. Ningeweza kulala ili nisiamke na hasira kwa watoto. Kwa nini niitie katika kisigino cha soksi?

Dada yake mama mkwe, mtu ninayempenda, aliwahi kuniambia, "Mama Rukia, mwanangu, soksi si zipo mnadani? Nunua, upumzike." Alisema kwa huruma, na hoja yake ni nzito kuliko alivyokusudia. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi, na tangu hapo kila karne imezidi kuharakisha kazi hiyo. Kama lengo ni kufunika miguu, mikono yangu ilikwisha shindwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Siwezi kudai kwamba nafanya uchumi. Soksi za mnadani ni rahisi, na watoto wangu huvaa hizo kwenda shule.

Shemeji yangu, ustadhi kijana aliyesoma Tanga mjini, alikuja na hoja nyingine, ya dini hasa. Akakumbusha hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba kuukamilisha udhu katika hali ya taabu ni miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufuta kwayo madhambi na kuinua daraja. Baridi ya Alfajiri, akasema, ni daraja la mzee. Ukimwondolea baridi, umemwondolea nini? Na wewe mwenyewe, muda uliotumia kumwondolea, ungeutumia katika dhikri ungepata nini? Aliuliza kwa adabu, naye ni kijana anayetafuta haki. Nililibeba swali lake kwa muda mrefu.

Kuhusu taabu, jibu nililipata kwa mwanachuoni wa madhehebu yetu wenyewe, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefia Kairo mwaka 1262, zama zilezile ambazo mafundi wa Misri walikuwa wakifuma soksi zile za buluu. Ameeleza katika kitabu chake cha misingi ya hukumu kwamba mja hajikurubishi kwa Mola kwa taabu yenyewe, kwa kuwa taabu yenyewe haina kumtukuza Mola ndani yake. Anayetawadha kwenye baridi hulipwa kwa kuivumilia njiani mwa utiifu, ikiwa haina budi kuwepo. Hatakiwi kuitafuta, na wala jirani yake haruhusiwi kumwachia iendelee kwa hoja kwamba inamfaa. Nikiona mzee anatetemeka nikasema ni thawabu zake, nitakuwa nimekula thawabu yangu ya kumsitiri kwa kisingizio cha kumlindia yake.

Tena soksi zangu haziupunguzi udhu. Hili ni jambo la fikihi na watu hulichanganya. Wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i. Katika madhehebu haya, khofu, yaani soksi ngumu ya ngozi au mfano wake, inayoruhusiwa kupanguswa badala ya kuosha miguu sharti ivaliwe baada ya udhu kamili, ifunike mguu mpaka vifundo, iwe imara kiasi cha kutembelewa, na isiwe ya kupitisha maji. Mkazi huipangusa kwa mchana na usiku mmoja, na msafiri kwa siku tatu na masiku yake. Soksi ya kufuma hupitisha maji, kwa hiyo baba mkwe huivua, huosha miguu yake kama kawaida, huikausha, ndipo akaivaa. Wanazuoni wa Hanbali wamekubali kupangusa soksi nene za sufu zinazosimama mguuni zenyewe na zinazoweza kutembelewa, na huitaja hadithi ya Mughira bin Shu'ba kuhusu soksi, ambayo Tirmidhi ameikubali na wengine wameyakosoa mapokezi yake. Shemeji yangu huelekea kauli hiyo, baba yake hapana, na katika nyumba moja wote wawili huswali safu moja. Mimi huzifuma nene ili yeyote kati yao asinilaumu.

Lakini swali la muda bado lilikuwa limesimama. Je, dhikri si bora kuliko kisigino?

Hapa ndipo Imamu Ghazali alipokuja kuniokoa. Katika Ihyaa Ulumid-Din kuna mlango wa kuzipanga nyiradi, yaani ibada za kila siku, katika saa za usiku na mchana. Mtu akiufungua bila kufika mwisho atakata tamaa, kwa sababu unaijaza siku nzima kwa swala, dua, kisomo na tafakuri, na hakuna mama yeyote mwenye mtoto mgongoni anayeweza kuufuata. Ila Ghazali hakuishia hapo. Anaendelea kusema kwamba watu hawako sawa, na anawapanga: mfanya ibada aliyejitenga na shughuli, mwanachuoni, mwanafunzi, mtawala, mwenye kazi ya mikono, na yule aliyezama katika Mola wake kabisa. Akimfikia mwenye kazi ya mikono ambaye ana watu wanaomtegemea, anasema wazi kwamba hana haki ya kuwaacha wahiliki ili yeye aumalize muda wake katika ibada. Uradi wake, wakati wa kazi, ni hiyo kazi. Anachotakiwa ni asimsahau Mwenyezi Mungu ndani yake, na tasbihi na kisomo vyote vyawezekana mikono ikiwa kazini. Swala ndiyo isiyochanganyika na kazi, isipokuwa kwa mtu kama mlinzi wa shamba.

Nilipoyasoma hayo nililia, na sioni haya kuyasema. Mtu aliyefariki mwaka 1111 huko Tus aliona kwamba kuna umri ambao unamalizika katika kuwatumikia watu wa nyumbani, na akaupa jina la uradi. Tangu hapo nikifuma bomba la soksi huwa na tasbihi ulimini. Mzunguko una vitanzi 60 na tasbihi ina 33, hesabu hazikutani, nami sikutaka zikutane. Sitaki soksi iwe chombo cha kuhesabia. Ninachotaka ni moyo usiende mbali.

Na Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hiyo ni ya Bukhari. Katika mapokezi mengine ametaja hasa kwamba alikuwa akishona nguo yake na kuvirekebisha viatu vyake. Nimesikia hadithi hii ikisomwa mara nyingi kuthibitisha unyenyekevu wa Mtume. Ni kweli. Ila naiona pia kama hadithi ya muda: aliyebeba ujumbe wa walimwengu wote alikuwa na saa za kushona, na saa hizo hazikuhesabiwa kuwa zimempotea.

Hata hivyo Ghazali hakunimalizia kila kitu. Alimzungumzia mwenye kazi anayewategemeza watu wake, na mimi nimekwisha kusema kwamba soksi zangu si uchumi. Zaidi ya hayo, mimi napenda kufuma. Napenda uzi unavyopita kwenye kidole cha shahada, napenda kisigino kinapojikunja. Mtu anayeita ibada jambo analolipenda anapaswa kujichunguza mara mbili. Kwa muda fulani nilidhani mapenzi hayo yanaitia doa nia. Sidhani hivyo tena. Mama anayependa kunyonyesha hajapungukiwa kitu, na mwenye sauti nzuri akafurahia kusoma Qur'ani hajapungukiwa. Furaha haiharibu nia. Kinachoiharibu ni dhuluma, na dhuluma ndiyo niliyotakiwa kuitafuta tangu mwanzo.

Maana saa haitoki hewani. Nikikaa kufuma baada ya Isha, vyombo vya chakula cha usiku viko wapi? Kama vimeoshwa, nani ameviosha? Katika nyumba nyingi jibu ni moja: binti mkubwa. Ana mtihani, ana Qur'ani yake ya kuhifadhi, ana usingizi, na yeye ndiye anayetoa muda ambao mama anausifu kuwa ameupata. Hapo nia yote ya mama, na dua zote za mzee mwenye miguu iliyopata joto, zimejengwa juu ya saa ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Kwa maoni yangu hili ndilo swali zito la dini katika jambo lote hili, zito kuliko la dhikri na soksi. Muda ni amana, na amana haitolewi sadaka na asiyekuwa mwenyewe.

Katika nyumba yetu tumelipanga hivi. Binti yangu Rukia ana jioni zake za kuosha vyombo, kaka yake ana zake, na mume wangu ana zake. Mume wangu hakulipenda siku ya kwanza; shemeji yangu ndiye aliyemsomea ile hadithi ya Bibi Aisha, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo. Jioni zangu mimi za kuosha, sifumi kisigino. Soksi huchelewa. Mzee ameshaanza Julai moja akiwa na soksi mpya mguu mmoja na ya zamani mguu mwingine, na alizivaa hivyo hivyo kwenda msikitini.

Kuna aya moja katika Surat An-Nahl ambayo kila mfumaji hujisikia kama anatajwa yeye. Mwenyezi Mungu anakataza watu wasiwe kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kwisha kuusokota ukawa imara. Wafasiri wengine wametaja kwamba palikuwa na mwanamke Makka aliyekuwa na tabia hiyo, akisokota kisha akiharibu. Nilipokuwa msichana aya hii ilinitisha, kwa sababu mfumaji hufumua kila siku. Kitanzi kimoja kilichopotea mistari kumi nyuma kinaweza kukulazimisha urudi nyuma kote huko. Na sufu yangu yote inatokana na kufumua. Lakini ukiisoma aya pamoja na ile iliyo kabla yake utaona mazungumzo ni ya ahadi na viapo. Kinacholaumiwa ni kuuvunja uimara uliokwisha kuutoa kwa watu. Anayefumua ili anyooshe yuko upande mwingine kabisa.

Aya hiyo hunijia ninapoipanga siku. Ahadi yangu ya kwanza imo katika ndoa, katika watoto, katika wazee niliokubali kuishi nao. Soksi ni uzi uliosokotwa kutoka ndani ya ahadi hiyo. Siku nitakapoanza kumwambia mtoto mwenye homa angoje nimalize mstari, nitakuwa nimeufumua uzi uliokuwa imara ili nifume uzi mwingine. Na sura hiyohiyo, aya chache kabla, imetaja sufu kwa jina lake, pamoja na manyoya ya ngamia na nywele za mbuzi, katika hesabu ya neema: vyombo na starehe mpaka muda fulani. Mpaka muda fulani. Soksi ya sufu ikivaliwa kila siku hutoboka kisigino, hutiwa kiraka, hutoboka tena. Mzee naye hatakuwa nasi siku zote. Najua hili ninapoanzisha vitanzi 60, na bado naanzisha.

Hukumu yangu basi, kwa elimu ndogo niliyonayo, ni kwamba saa za kufuma ni za kujibiwa. Naweza kusimama nikasema: hizi nilizitumia katika miguu ya mzee aliyekuwa akienda kukuabudu. Lakini jawabu hilo ni langu tu kama saa zilikuwa zangu. Zile zilizotoka kwa binti yangu bila ridhaa yake, hizo sina jawabu lake, na kila mama afumaye, ashonaye ukili au adariziye kofia azihesabu za kwake mapema.

Nanyi wanaume, na nyinyi vijana wa kiume mnaosoma haya, mnapomwona mama au mke ameshika kazi ya mikono usiku, msimwambie tu apumzike au anunue ya dukani. Tazameni ni kazi ipi ya nyumba ambayo leo hakuna aliyeifanya, muinuke muifanye kabla hajaambiwa binti.